Siku Niliyopanda Kitanda Kimoja na Mama Mkwe

Naanza kwa kukiri, kabla hamjacheka: ndiyo, ni mimi. Yule mtu anayesimuliwa sokoni Inde na kwenye stendi ya Koboko, yule aliyepanda kitanda kimoja na mama mkwe wake mchana kweupe mbele ya watu waliokuja kununua samaki, ndiye mimi Swaibu, fundi wa bodi za magari hapa Arua, baba wa watoto wawili, mtu mzima mwenye mvi zake. Nimechoka kukana. Nikiwa nimelala chini ya gari naona miguu ya mtu inasimama, sauti inauliza, "Mukwe, kitanda iko wapi?" halafu miguu inaondoka ikicheka (miguu inaweza kucheka, mimi nimeiona). Basi leo naeleza mwenyewe, polepole, kwa sababu wanaoeleza bila mimi wanaongeza chumvi, na habari hii haina haja ya chumvi.

Kosa la kwanza wala halikuwa la boti. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, kijijini kwao kule kwenye Nile, mbele kidogo ya Rhino Camp, na mke wangu Candiru akatangulia na watoto, mimi nikasema nafuata kesho yake asubuhi, maziko yalikuwa mchana. Asubuhi hiyo nikapita gereji mara moja tu. Kulikuwa na basi dogo linalosubiri koti la mwisho la rangi, mwenyewe amesimama pale ananung'unika, nikasema nipulize haraka niondoke, nikapuliza, halafu nikaona nikiliacha mbichi vumbi la barabarani litaniharibia kazi yote, nikasema acha likauke saa moja, saa moja ikazaa nyingine, mnajua rangi ilivyo. Nilipofika kwa wakwe zangu walikuwa wanashindilia udongo. Nikawaambia gari liliharibika njiani. Hakuna aliyeuliza gari gani. Mama mkwe aliniangalia kutoka ng'ambo ya kaburi, mara moja, halafu akaangalia chini.

Mimi nilirudi gereji kesho yake, siku za msiba zikaisha, Candiru hakurudi. Nikipiga simu ananijibu, "Mama iko peke yake," na mimi nauliza mpaka lini, na yeye anasema, "Mama iko peke yake." Nikatuma wazee mara mbili, wakarudi wameshiba na hawana jibu. Miezi mitano nilikula chapati za mtaani na kufua ovaroli yangu mwenyewe, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaanza kulala na redio. Sitaki kujifanya jasiri hapa. Niliumia.

Sasa boti. Niliikuta nyuma ya jenereta kwenye ofisi za shirika moja la misaada lililokuwa linafunga shughuli zake, nilikoitwa kunyoosha mlango wa gari. Mitumbwi miwili mirefu ya faiba, myembamba, imelala sambamba kwenye majani, imeunganishwa kwa mabomba ya alumini, mlingoti umelazwa kando. Mlinzi aliniambia ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekuwa anaipeleka Nile siku za Jumapili, inakwenda kwa tanga bila injini, halafu alihamishwa akaiacha. "Katamarani," alisema mlinzi, akalitamka polepole kama jina la ugonjwa. Walitaka kiwanja kibaki kitupu, wakaniambia nikiweza kuiondoa niiondoe, na hapo hapo wazo likaniingia. Shemeji zangu wanavusha watu na mizigo mtoni kwa mtumbwi mmoja uliochoka. Wazee wameshindwa kuniombea msamaha, lakini kitu kilichotoka mkononi mwangu, kikapelekwa hadharani, labda kingeweza.

Nikaileta gereji. Mtumbwi wa kushoto ulikuwa na nyigu, na wa kulia ulikuwa na ufa wa urefu wa mkono wangu. Faiba naijua, nimetengeneza bampa za mabasi miaka mingi, lakini mara hii nilifanya kazi kwa hofu, kwa sababu bampa ikivuja hakuna anayezama. Nikapiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama, nikaweka faiba mpya tabaka kwa tabaka, nikapuliza rangi nyeupe na mstari mwekundu, na safari hii niliiacha ikauke kwa siku zake zote. Tanga lilikuwa limeliwa na panya. Nikampelekea fundi cherehani mmoja wa sokoni, akalikunjua likafunika duka lake na la jirani, akaniuliza, "Mutu ya kuvaa hii iko na urefu gani?" Akalitia viraka vya turubai la lori. Kila jioni baada ya kufunga kazi nilikuwa pale, miezi miwili, na Anguyo, fundi wa kuchomelea tunayekaa naye gereji moja, alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa.

Kikabaki kitu kimoja. Kati ya ile mitumbwi miwili kulikuwa na wavu wa kukalia, na wavu ulikuwa umeoza, ukiugusa unabaki unga mkononi. Anguyo akasema, "Weka mbao, kwisha." Mimi nikasema mbao ni nzito. (Kumbukeni hapa. Ningeweka mbao, leo ningekuwa mtu wa heshima.) Nikampigia simu mjomba wangu Abasi wa Koboko, ambaye tangu aache jeshi kazi yake ni kusuka angareb, vile vitanda vya kamba vya wazee wetu, na hakuna anayemshinda kwa kukaza kamba.

Mjomba akaja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kijeshi, akaizunguka boti mara mbili, akapima kwa mkono kutoka kiwiko mpaka kidole.

"Kichwa itakuwa upande gani?"

"Mjomba, hii ni boti."

"Kila kitanda iko na kichwa," akasema, kama vile sikuzungumza. Halafu akauliza, "Ni ya nani?"

"Ni ya kumurudisha Candiru."

Akaniangalia kwa huruma, akatikisa kichwa, akaelewa alivyoelewa. Alisuka siku tatu, akivuta kila kamba kwa kuikanyaga kwa mguu, na katikati akatia maua ya pembe nne, jekundu, jeupe, jekundu, jeupe, mpaka watu wa gereji za jirani wakaja kutazama. Nilifurahi sana. Maua yale nilikuwa nimeyaona utotoni, lakini nilisahau niliyaona wapi, na mjomba hakuona haja ya kunikumbusha kwamba kwetu Koboko hayasukwi ila kwenye kitanda cha bibi harusi.

Hapa niwaeleze wale ambao hamjaoa huku, msije mkapotea. Mama mkwe haangaliwi usoni, huli mbele yake, mkikutana njiani unaingia kwenye majani yeye apite. Miaka tisa nimekuwa mkwe wa yule mama na hatujawahi kusemezana moja kwa moja, neno likitaka kwenda kwake linapitia kwa Candiru au kwa mtoto. Na habari ya kitanda haitajwi kabisa. Chumba chenye kitanda chake huingii, sembuse kukikalia naye akiwa amekikalia.

Nilichagua siku ya soko, kwa sababu nilichelewa mbele ya watu na nilitaka kuomba radhi mbele ya watu. Tukaisafirisha kwa lori, mjomba na Anguyo nyuma wameishikilia, na ilipofika gatini soko lilisimama. Tukasimamisha mlingoti, tukaisukuma majini, nikapandisha tanga ili waone uzuri wake, na kwa kuwa tanga lililolegea linapigapiga ovyo na halipendezi, nilivuta ile kamba yake na kuifunga kabisa likajaa. (Hii nayo ikumbukeni. Baadaye mtu alinionyesha kwenye simu kwamba kamba hiyo haifungwi, inashikwa mkononi.) Shemeji zangu wawili, Drani na mdogo wake, wakashika mbele, mimi nikashika nyuma, maji yananifika kiunoni. Candiru nilimwona kwenye kundi, amebeba mtoto mdogo, hatabasamu, lakini alikuwa amekuja.

Nikasema maneno yangu. Kwamba nilikosa, kwamba boti hii ni ya nyumba hii. Sikueleza nilikosa vipi, nilirudia lile la gari kuharibika. Mzee Ezati, ndugu yake marehemu, akajibu vizuri, akasema mikono ya mkwe wao imefanya kazi, watu wakaguna kwa kukubali, na nikaanza kupumua. Halafu akasema, "Mwenye nyumba ni Mama. Yeye akae kwanza." Wanawake wakamshika mama mkwe mkono, wakamtandikia leso katikati ya maua ya mjomba, akakaa, akanyoosha miguu. Vigelegele vikapanda. Na shemeji zangu, wote wawili, kwa furaha, wakaachia boti wapige makofi.

Upepo haukuwa mkubwa, sitasingizia upepo. Boti iliondoka tu, taratibu, kimya, mama mkwe amekaa juu yake mgongo wima. Mimi nilikuwa bado nimeshika nyuma, miguu ikakosa chini, nikawa navutwa, na nikawa na muda wa kuhesabu mawazo mawili: nikiachia, mama mkwe anakwenda Sudani peke yake; nikipanda, nimepanda kitanda chake. Nikapanda. Nilipotoa kichwa majini na kulala kifudifudi kwenye zile kamba nilisikia sauti ya mwanamke kutoka ufukweni, mfanyabiashara wa kutoka Koboko, mtu wa kwetu, analia kwa nguvu, "Iii! Kitanda ya bibi harusi! Na mukwe iko juu!" Ndipo nilipokumbuka niliyaona wapi yale maua.

Mama mkwe alijifunika leso kichwa kizima, akanigeuzia mgongo. Mimi nikajaribu kusimama, kwa sababu aliyesimama si aliyekaa, lakini kamba za mjomba zilikuwa zinarusha, nikaanguka, nikajaribu tena, nikaanguka karibu naye zaidi. Nikaenda kukaa pembeni kabisa juu ya mtumbwi, boti ikainama upande wangu, na yeye akaanza kuteleza kuja kwangu, leso na yote. Nikarukia upande wa pili, na mtumbwi niliouacha ukaanza kunyanyuka kutoka majini. Kufungua ile kamba ya tanga nilishindwa, fundo langu lilikuwa limelowa. Nikawa napiga magoti mbele ya mama wa mke wangu, nalia na fundo, soko zima linatazama, na leso ikasogea kidogo na macho mawili yakanitazama na sauti ikatoka, sauti ambayo haijawahi kunisemesha kwa miaka tisa.

"Toa viatu."

Nikavua viatu. Juu ya kitanda, nilikuwa na viatu vya gereji. Viatu vikaanguka majini vyote viwili na sikujali.

Kilichotuokoa ni magugu maji, yale yanayoelea makundi makundi, boti ikajikita ndani yake katikati ya mto na ikatulia, tanga limejaa na haliendi popote. Tukakaa. Mimi mwisho huu, yeye mwisho ule, na kwa jinsi kamba zilivyobonyea katikati kila mmoja alikuwa anashikilia ukingo asiteremke kwa mwenzake. Ufukweni tuliwaona shemeji wanahangaika na injini ya mtumbwi wao, inakohoa na kuzima. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, naye ndiye aliyeanza, amenipa mgongo, anazungumza na maji.

"Ile siku ya Mzee. Gari gani iliharibika?"

Nilikuwa na jina la gari tayari mdomoni, nimelibeba miezi mitano. Lakini nilikuwa nimelowa, sina viatu, nimekaa kwenye kitanda cha bibi harusi na mama mkwe wangu, na nikaona sijui nalinda nini tena.

"Hakuna gari iliharibika, Mama. Nilikuwa nangoja rangi ikauke."

Magugu yalikuwa yanagusagusa boti.

"Walitaka kuweka Mzee chini saa nane," akasema. "Mimi nikakataa. Nikasema, ngoja kidogo, ile mutoto yangu Swaibu atakuja, mimi najua yeye. Saa tisa wakauliza, nikasema ngoja. Saa kumi Ezati akasema, Mama, mvua inakuja. Mbele ya watu yote. Mimi ndiyo nilisimama pale nikasema wewe utakuja."

Miezi mitano nilidhani amenikasirikia kwa ajili ya mila, kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya watu watasema nini juu yangu. Kumbe alisimama juu ya kaburi la mume wake akiniwekea dhamana, na mimi nilikuwa Arua napuliza basi la mtu. Nililia, nawaambia ukweli, nililia nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili, kwa hiyo hata kufuta pua sikuweza.

Shemeji walifika wakipiga makasia, wakasimama hatua kumi hivi kutoka kwetu, hawasogei. Wakatazamana. Halafu Drani akaita kwa adabu kubwa, "Mama, tukuje?"

"Nyinyi iko nangoja nini?" akasema mama mkwe. "Rangi ikauke?"

Hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Ufukweni walikaa kikao palepale. Mjomba Abasi akajitetea kwamba yeye aliambiwa kitanda ni cha kumrudisha mke na akasuka kwa moyo safi, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Mzee Ezati akatoa hukumu: kondoo wa kutusafisha sisi wawili, halafu akasema, "Boti iko mzuri. Kitanda ndiyo iko mbaya. Kata kamba, acha boti." Drani akatoa kisu. Lakini mama mkwe alituma mtoto wangu mkubwa, maana tulikuwa tumerudi nchi kavu na mila imerudi mahali pake, na mtoto akaja mbele ya wazee akasema, "Bibi anasema baba asikate. Afungue."

Basi nikafungua. Mmewahi kufungua angareb iliyosukwa na mwanajeshi mstaafu na ikalowa? Tuliuchomoa msuko mzima kwenye mabomba ya boti, wakanipa nafasi uani, kando ya kaburi la Mzee, na nilikaa hapo siku tatu na ule msuko mapajani, fundo kwa fundo, kucha zimekwisha, na waliokwenda mtoni walipita wakanisalimu kwa heshima na kucheka walipofika mbali. Siku ya pili ndipo nilipohesabu. Siku tatu ndizo za msiba nilizopaswa kukaa hapo. Mama mkwe hakuniambia, na mimi sikuuliza, nikaendelea kufungua.

Siku ya tatu mchana Candiru alileta chakula, akakiweka, na badala ya kuondoka akakaa chini, akashika ncha ya kamba niliyokwisha kufungua na kuanza kuikunja kwenye mkono wake. Akakunja muda mrefu bila kuniangalia.

"Rangi ilikauka?" akauliza.

"Ilikauka."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Buluu."

Akaguna. Akaendelea kukunja. Tulirudi Arua wiki iliyofuata, wote wanne, na ile kamba alikuja nayo, ndiyo anayoanikia nguo mpaka leo.

Boti sasa ina mbao za Anguyo na inavusha watu, na mama mkwe huipanda siku za soko, akiuliza kwanza kama mimi nipo karibu. Mimi chochote kinachoelea sikisukishi tena, wala sifungi kamba ya tanga, wala sidanganyi kwenye msiba. Juzi jirani yetu mmoja wa zamani alifariki kule Logiri, simu ilinikuta na bomba la rangi mkononi, gari la mteja niko katikati yake. Nikaweka bomba chini. Lile gari mpaka sasa liko pale gereji, nusu jeupe, nusu jekundu, na vumbi lote limeshika. Mwenyewe akipita akauliza, mwambieni Swaibu alikwenda msibani, na alifika kabla ya udongo.